Kabla ya kuchapa lebo elfu moja, kagua maandishi yake

ARUSHA

Mfuko wa unga wa lishe ukifika Namanga, Rusumo au Mutukula hauwezi kujieleza. Kinachousemea ni karatasi iliyobandikwa ubavuni: jina la bidhaa, viungo, uzito, mtengenezaji na anwani yake, nchi ulikotoka, namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa kutumika. Hayo ni miongoni mwa mambo yanayotakiwa na EAS 38, kiwango cha Afrika Mashariki kinachohusu lebo za vyakula vilivyofungashwa. Afisa huyasoma mpakani, mwenye duka wa upande wa pili huyasoma kabla ya kupokea mzigo, na mnunuzi huyasoma akiwa ameshika mfuko mkononi. Mmoja wao akishindwa kusoma, biashara imekwama hapo hapo.

Zamani lebo ilikuwa kazi ya mchapaji wa mjini, mwenye mashine kubwa na masharti ya idadi kubwa. Siku hizi msindikaji mdogo huenda stesheneri au saiba ya jirani. Kijana wa pale anafungua kivinjari, anaingia kwenye tovuti ya kutengenezea lebo, anaandika jina la bidhaa, analivuta likue, analipaka rangi ya kijani, kisha anabonyeza kitufe cha kuchapa. Kazi inaisha mteja akiwa bado amekaa kwenye benchi.

Urahisi huo umewafungulia mlango wengi, lakini umeleta pia hasara za aina mpya. Lebo iliyopendeza kwenye skrini inatoka kwenye mashine ikiwa na herufi zilizobanana. Tarehe inakuwa ndogo kiasi cha kuhitaji miwani. Neno la Kifaransa linatoka na kisanduku kitupu mahali pa herufi yenye alama. Karatasi za stika zimekwisha kulipiwa, na gari la kwenda mpakani linaondoka alfajiri.

Makosa mengi ya namna hiyo yana chanzo kimoja: jinsi tovuti hizo zinavyoyahifadhi na kuyapamba maandishi. Mfanyabiashara hahitaji kujua kuandika programu ili ayaepuke. Anahitaji kujua mambo machache, na kuyauliza kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kanvasi isiyo na kumbukumbu

Ndani ya vivinjari vya leo kuna eneo la kuchorea linaloitwa kanvasi. Lilibuniwa na kampuni ya Apple mwaka 2004, na baadaye likakubaliwa kuwa sehemu ya kawaida ya kurasa za intaneti. Kanvasi hufanya kazi kama ukuta uliopakwa chokaa. Ukiandika neno juu yake, rangi inakauka na neno linakuwa madoa tu ya rangi, yaani pikseli. Kivinjari hakikumbuki tena kwamba pale paliandikwa “Unga”. Ukitaka kubadilisha herufi moja, itabidi ufute na kuchora upya.

Kwa mtu anayetengeneza lebo, hilo ni tatizo. Ndiyo maana waandishi wa programu hutumia maktaba za JavaScript, yaani mikusanyiko ya kazi zilizokwisha kuandikwa, zinazokaa juu ya kanvasi na kuipa kumbukumbu. Mojawapo inayojulikana sana ni Fabric.js, iliyoanzishwa na Juriy Zaytsev. Ilizaliwa katika mazingira ya biashara: ilitengenezwa kwa ajili ya duka la mtandaoni ambako wateja walijibunia michoro ya kuchapwa kwenye fulana. Ni ya bure, na leseni yake inaruhusu itumike katika biashara. Nyingine ya aina hiyo ni Konva.

Kwa Fabric.js, neno “Unga” haliwi doa la rangi. Linakuwa kitu chenye jina, mahali pake na orodha ya sifa zake. Likiguswa, linaonyesha vishikio pembeni. Likibofywa mara mbili, linakubali kuandikwa upya. Sifa moja ikibadilishwa, maktaba inachora upya kanvasi nzima kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Mfanyabiashara anayejua hivyo hataridhika kupewa picha pekee ya lebo yake, kwa kuwa picha imekwisha kukauka. Ataomba pia faili yenye vitu vyenyewe.

Sifa zinazoamua kama lebo itasomeka

Kila kipande cha maandishi kwenye Fabric.js huanza na sifa za kawaida hadi mtu azibadilishe. Ukubwa, unaoitwa fontSize, huanza na 40. Fonti, yaani fontFamily, huanza na Times New Roman. Rangi huanza na nyeusi, na nafasi kati ya mstari na mstari huanza na 1.16 ya ukubwa wa herufi. Kisha kuna herufi nene, herufi za mlalo, mstari wa chini, upangaji wa kushoto, katikati au kulia, nafasi kati ya herufi na herufi, kivuli, na rangi ya usuli.

Tatu kati ya sifa hizo huharibu lebo nyingi.

Ya kwanza ni mchoro wa ukingo wa herufi. Wabunifu wengi hupenda kuizungushia herufi mstari wa rangi nyingine ili jina la bidhaa lionekane kwa mbali. Mstari huo hukaa katikati ya ukingo: nusu yake iko nje ya herufi, nusu iko ndani. Fabric.js, isipoambiwa vingine, hujaza rangi kwanza kisha huchora ukingo juu yake. Kwa hiyo ukingo mnene huila herufi kwa ndani, na matundu ya “a” na “e” huzibika. Dawa ipo. Sifa iitwayo paintFirst ikiwekwa ianze na ukingo, rangi ya herufi hukaa juu na umbo la herufi hubaki salama.

Ya pili ni rangi ya usuli. Kuna mbili zenye majina yanayokaribiana. Moja hupaka kisanduku chote cha maandishi, nyingine hupaka nyuma ya herufi tu, mstari kwa mstari, kama kalamu ya kung’arishia. Zikichanganywa, orodha ya viungo yenye mistari mifupi na mirefu hutoka na kingo zisizolingana kama ngazi, wakati mwenye mali alitaka boksi safi.

Ya tatu ni rangi yenyewe. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazosomeka na watu wote, WCAG, hutaka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Uliandikwa kwa ajili ya skrini, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia hata kwa karatasi. Herufi za njano juu ya nyeupe hazifiki hapo. Wanaotumia stika za rangi ya khaki wana la ziada la kukumbuka: mashine za kawaida za stesheneri hazina wino mweupe. Herufi iliyoonekana nyeupe kwenye skrini, kwenye karatasi itakuwa na rangi ya khaki hiyo hiyo.

Kuvuta pembe kunapodanganya namba

Kosa lililojificha zaidi ni la ukubwa. Tuchukue mama anayesindika unga wa lishe Arusha na kuupeleka Kenya kupitia Namanga. Lebo yake ina upana wa milimita 100. Kijana wa stesheneri anaandika orodha ya viungo, anaona haienei, anashika kishikio cha pembeni na kuivuta ndani mpaka ienee. Mama anauliza kama herufi zinatosha. Kijana anatazama kando ya skrini na kuona namba 40 iko pale pale. Anamwambia mama asiwe na wasiwasi.

Hakusema uongo, ila namba imemdanganya. Mtu anapovuta pembe ya kipande cha maandishi, Fabric.js haibadilishi fontSize. Inabadilisha kipimo cha ukuzaji, cha upana na cha kimo, na kuacha fontSize ilivyokuwa. Maandishi ya 40 yaliyopunguzwa hadi moja ya tano ni maandishi ya 8. Asipoangalia kipimo cha ukuzaji, hatajua.

Je, 8 inatosha? Kwenye kurasa za intaneti, inchi moja huhesabiwa kuwa pikseli 96, hivyo milimita moja ni karibu pikseli 3.78. Kwa fonti kama Arial, kimo cha herufi ndogo kama “x” ni zaidi kidogo ya nusu ya fontSize. Kwa hiyo maandishi ya 8, yakichapwa kwa vipimo halisi, yana herufi ndogo zenye kimo cha karibu milimita 1.1.

Kanuni ya kimataifa ya Codex kuhusu lebo za vyakula hutaka taarifa ziwe wazi na zisomeke kwa urahisi na mnunuzi katika mazingira ya kawaida. Umoja wa Ulaya umeweka namba kabisa. Kanuni yake ya 1169 ya mwaka 2011 hutaka taarifa za lazima ziwe na herufi ndogo zenye kimo kisichopungua milimita 1.2, au milimita 0.9 kwa vifungashio ambavyo upande wao mkubwa haufiki sentimita za mraba 80. Kwa msindikaji anayetarajia siku moja kupeleka viungo au kahawa Ulaya, ile 1.1 ingemrudisha nyumbani. Kwa anayeuza ndani ya kanda, milimita 1.2 bado ni kipimo cha busara. Wanunuzi wake wengi husoma lebo sokoni jioni, chini ya taa hafifu.

Kuna na kishikio cha ubavuni. Kwa kipande cha kawaida cha maandishi, kukivuta kishikio hicho hupanua au kubana herufi zenyewe, zikawa nene kama zilizokanyagwa au nyembamba kama zilizonyongwa. Kwa orodha ya viungo, kifaa sahihi ni kisanduku cha maandishi, Textbox. Ukikivuta ubavuni, herufi hubaki zilivyo na maneno hushuka mstari wa chini.

Fonti iliyochelewa njiani

Mama wa Arusha amekubali lebo. Wiki inayofuata anarudi kwa toleo jipya, mtandao uko chini, na lebo inatoka na sura nyingine kabisa. Jina lililokuwa na herufi za mviringo sasa lina herufi za gazeti.

Sababu ni kwamba fonti nzuri mara nyingi haimo ndani ya kompyuta. Hupakuliwa kutoka mtandaoni. Kanvasi haisubiri: ikiambiwa ichore, inachora papo hapo kwa fonti iliyopo, na fonti halisi ikifika baadaye hairudi nyuma kusahihisha. Zaidi ya hapo, Fabric.js hutunza vipimo vya upana wa kila herufi ili iende kasi. Ikiwa ilipima fonti ya muda, vipimo hivyo hubaki hata baada ya fonti sahihi kufika, na herufi hukaa kwa nafasi zisizo zake: nyingine zimegandana, nyingine zimeachana.

Mwandishi wa tovuti anapaswa kuiamuru programu isubiri fonti ifike, na isafishe kumbukumbu ya vipimo, ndipo ichore. Mteja hawezi kulifanya hilo, lakini anaweza kulitambua. Ukurasa ukishafunguka, abadilishe fonti kwenda nyingine, airudishe, kisha atazame kama sura imebadilika. Na kabla ya toleo lote, ichapwe lebo moja ya majaribio. Karatasi moja ni hasara ndogo kuliko bunda.

Lugha tatu kwenye mfuko mmoja

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi wanachama 8. Mkutano wa wakuu wa nchi wa Februari 2021 uliamua Kiswahili na Kifaransa viungane na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Jumuiya. Mwaka uliofuata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga, na soko la wasoma Kifaransa likapanuka kutoka Bujumbura hadi Goma, Bukavu na Lubumbashi. Mfuko mmoja unaweza kuhitaji lugha mbili au tatu, kwa hiyo mambo manne ya kiufundi huibuka.

La kwanza ni herufi zenye alama. Neno la Kifaransa la viungo, “ingrédients”, lina é. Fonti nyingi za mapambo zilizobuniwa kwa Kiingereza pekee hazina herufi hiyo, na kivinjari huiazima kutoka fonti nyingine, au huweka kisanduku kitupu. Familia ya fonti za Noto, zinazopatikana bure, ilitengenezwa kwa lengo la kuhudumia maandishi ya lugha nyingi za dunia, na ni kimbilio salama kwa taarifa za lazima. Fonti ya mapambo ibaki kwenye jina la bidhaa tu.

La pili ni urefu wa maneno. Kiswahili huunganisha mengi katika neno moja. Textbox huvunja mistari kwenye nafasi kati ya maneno. Ikikutana na neno refu kuliko upana wake, kama “Imetengenezwa” ndani ya safu nyembamba, kisanduku hujitanua chenyewe na kuingilia safu ya jirani. Kuna sifa ya kuruhusu neno likatwe popote, lakini hukata bila kistari na bila kujali silabi, na mnunuzi hupata “Imetengene” juu na “zwa” chini. Ni afadhali kupunguza fontSize kidogo au kupanua safu.

La tatu ni herufi kubwa. Wengi huandika lebo nzima kwa herufi kubwa wakidhani inasomeka zaidi. Alama ya kilo ni kg, kwa herufi ndogo, katika nchi zote za kanda. Fabric.js inaruhusu kipande kimoja cha maandishi kuwa na mitindo tofauti herufi kwa herufi, kwa hiyo namba ya uzito inaweza kukuzwa na kukolezwa bila kuigusa kg iliyo kando yake.

La nne ni tarehe. Mwezi uandikwe kwa herufi, kwa sababu 03/04 huweza kusomwa kwa namna mbili. Nafasi ya tarehe iachwe pana kiasi cha kupokea jina refu la mwezi.

Kutoka skrini hadi karatasi

Lebo ya milimita 100 ni pikseli 378 tu kwa hesabu ya skrini. Ikichapwa hivyo, kingo za herufi huwa na meno kama msumeno. Mashine nzuri huhitaji nukta 300 kwa inchi, yaani kama pikseli 1,181 kwa upana huo huo. Fabric.js ina kizidisho cha kutumia wakati wa kutoa picha. Kikiwekwa karibu 3.125, vitu vyote huchorwa upya kwa ukubwa huo, na herufi hutoka safi. Kukuza picha ndogo baada ya kuitoa hakusaidii, maana kinachokuzwa ni ukungu.

Njia nyingine ni kutoa faili ya SVG, ambayo haina pikseli. Tahadhari yake ni kwamba maandishi ndani yake hubaki maandishi. Kompyuta ya mchapaji isipokuwa na fonti ile, itaweka yake.

Faili ya tatu, na yenye thamani kubwa kwa mfanyabiashara, ni JSON. Ni orodha ya vitu vyote na sifa zao, na kama hakuna picha kubwa ndani yake huwa nyepesi kiasi cha kutumwa kwa barua pepe. Ikirudishwa kwenye tovuti ile ile, lebo hufunguka ikiwa hai: namba ya bechi na tarehe hubadilishwa, vingine havisogei. Mwandishi wa tovuti anaweza hata kufunga baadhi ya vitu visisogezwe wala kuandikwa upya, ili orodha ya viungo iliyokwisha kukaguliwa isiguswe kwa bahati mbaya. Asiye na faili hiyo hulipia kubuni upya kila bechi, na kila ubunifu mpya ni nafasi mpya ya kukosea.

Alama ya ubora si pambo

Urahisi huu una mtego wa mwisho. Kwenye kanvasi, kunakili alama ya TBS, KEBS, UNBS, RSB au BBN ni kazi ya sekunde. Lakini alama hizo hutolewa kwa kibali baada ya bidhaa kukaguliwa. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora na vipimo imeweka msingi wa bidhaa yenye alama iliyotambuliwa ya nchi mwanachama moja kukubaliwa katika nyingine. Ndiyo sababu alama ya kubandika bila kibali ni kosa zito: humharibia aliyebandika, na huwafanya maafisa wa upande wa pili kuitilia shaka hata alama ya jirani aliyeipata kwa haki.

Jina la bidhaa na nchi ilikotoka vilingane pia na karatasi nyingine za mzigo. Wafanyabiashara wengi wadogo huvuka kwa Cheti Rahisi cha Uasilia, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Lebo ikisema jina moja na cheti kikisema lingine, maelezo yataombwa dirishani.

Anayekwenda stesheneri kesho anaweza kubeba maswali matano. Ukubwa huu ni baada ya kuvuta pembe au kabla? Herufi ndogo za viungo zina milimita ngapi kwenye karatasi? Fonti hii ina herufi za Kifaransa? Tunatoa kwa nukta ngapi kwa inchi? Na faili yenye vitu, si picha, nitaondoka nayo?

Kisha aombe lebo moja ya majaribio, aitoe nje juani, aishike kwa urefu wa mkono na kuisoma yote kwa sauti, kuanzia jina hadi tarehe ya mwisho. Akikwama mahali, paparekebishwe pale pale kwenye kanvasi, kabla ya bunda la stika kuingizwa kwenye mashine.